Kanda ya Bendi ya Ndugu Yangu

Aliyepiga video ya bendi ya ndugu yangu alikuwa mpiga video wa harusi, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia. Kitengela yetu ya miaka ya tisini ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye kamera na studio, na kazi yake ilikuwa kuwafuata maharusi kutoka kanisani hadi kwenye keki. Bendi ilipopata ukumbi Kajiado, Jumamosi moja mchana, walimwita huyo huyo.

Ndugu yangu ndiye kifungua mimba wetu, na alifundisha darasa la kwanza katika shule ya kanisa letu. Sisi ni watu wa Magharibi mwa Kenya; tuliletwa huku na kazi ya Baba kwenye kiwanda cha simiti. Kiwanda kilipomsimamisha, ule ualimu ndio uliobaki kutulisha sote, pamoja na mimi niliyekuwa nimerudi nyumbani na mtoto mchanga.

Na mwaka huo watu walikuwa wameshikwa na hofu ya waabudu shetani. Mtoto akipotea, ni wao. Gari likianguka barabara ya Namanga, ni wao. Kulikuwa na ukame, ng'ombe wanakufa kando ya barabara mbavu nje, na hata huo ulipata wa kulaumiwa. Mimi niliona ni upuzi mtupu, na bado naona hivyo.

Siku ya onyesho nilikuwepo. Vijana wanne, magitaa, ngoma, na jenereta ya kuazima ikikohoa nje. Ndugu yangu, mpole yule, alipiga roki na kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Aki nilijivunia. Mpiga video naye alifanya alichokijua: aliwasimamisha katikati ya wimbo, akawaambia watoke waingie tena polepole, wawili wawili. Akauliza wazazi wameketi wapi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Sasa, kanda za harusi alikuwa akizipamba. Maua yanaelea, bwana na bibi harusi wamo ndani ya moyo mwekundu. Akaona maua hayaendani na fujo ile, akaweka moto. Ndugu yangu anafungua mdomo, ndimi za moto zinapanda nyuma ya kichwa chake, na kwa taa mbaya za ukumbi macho yako mekundu. Jamaa aliipenda kazi yake hivi kwamba aliiweka kwenye televisheni ya dirishani mwa studio yake, pale wapita njia walipozoea kusimama kutazama harusi za wenyewe.

Akina mama wa kanisa walipita pale wakitoka maombini. Sauti haikutoka nje ya kioo. Waliona mdomo na moto tu. Jumapili hakuna aliyeketi kwenye benchi letu. Wiki hiyo wazazi wakaanza kuwahamisha watoto darasani kwake, na kasichana kamoja kalikozoea kumshika mkono kalimwona kakakimbia.

Mchungaji akaja nyumbani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikunywa chai, akasema ndugu yangu atoe ushuhuda Jumapili, akiri jinsi alivyoingia kwa waabudu shetani na jinsi alivyotoka, na kazi itabaki yake. Akikataa, shule itatafuta mwalimu mwingine. Ndugu yangu akamweleza habari ya mpiga video na mapambo yake. Mchungaji alimsikiliza kwa huruma, kama anayemsikiliza mgonjwa wa malaria, kisha akaaga.

"Sasa nikiri nini?" ndugu yangu alimwuliza Mama.

"Kiri tu kitu, mwanangu. Mungu anajua ukweli. Sisi tunataka kula."

Wakakaa jikoni, Mama akichambua mboga, wakautunga huo ushuhuda. Mama ndiye aliyetoa wazo la pete. Alikuwa amesikia redioni kwamba ukijiunga nao lazima upewe pete. Ndugu yangu akaongeza makaburi. Mama akasema mikutano iwe Magadi, kwa sababu joto la kule watu wanalijua. Walicheka kidogo. Mimi niliwaambia wanachezea kitu kibaya, nikaambiwa ninyamaze ninyonyeshe mtoto.

Jumapili alizungumza vizuri, ole wetu. Ni mwalimu, alijua kusimulia. Kanisa lililia, likamwekea mikono, na Baba, mzee wa kanisa, alilia kuliko wote. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Mwanzoni midomo yake ilimfuata neno kwa neno. Ndugu yangu alipofika kwenye habari ya makaburi, ikakoma.

Jumatatu ndugu yangu alikuta mtu mwingine mbele ya darasa lake. Mchungaji alimwambia kwa upole kwamba wamemsamehe kabisa, lakini ni mzazi gani atamwachia mtoto mtu aliyekiri kwa mdomo wake mwenyewe? Nilitamani kwenda kumtukana huyo mchungaji palepale madhabahuni.

Ndugu yangu alirudi nyumbani na chaki bado mfukoni. Mtoto wangu alikuwa analia mkekani, na yeye, kama kawaida yake, akainama ambebe. Mama akamwahi, akamnyakua mtoto, akamfunga mgongoni.

"Mama, si tulitunga pamoja, hapa hapa?"

Mama alikaza leso, akageuka mpaka mtoto akawa upande wa ukuta.

"Pete niliitunga mimi," alisema. "Makaburi uliyatoa wapi?"