Usimchezee Aliyeketi Kwenye Kiti

Siku ile Bwana Amirali aliponitolea ukali katikati ya kiwanja, mjukuu wangu, naikumbuka kana kwamba bado nimevaa zile kinga za miguu za kuazima.

Waijua kriketi ya vichochoro vyetu vya Mji wa Kale: mpira ukipaa ukaingia nyumba ya mtu, wewe uliyepiga umetoka mchezoni, na ni wewe uende ukabishe hodi, uamkie kwa adabu, uuombe. Mimi nilibisha hodi mpaka wenye nyumba wakanizoea. Mkono wangu haukujua kupiga chini. Amirali alikuwa muuza viungo na nahodha wa klabu. Mpira ulipoangukia bati la duka lake alicheka, akanipeleka kiwanjani. Huko kuupaisha ni sifa.

Basi akaja mgeni kutoka ng'ambo, akitafuta wachezaji wa kulipwa. Watu wakaninong'oneza ati apenda mpigaji mtulivu, asiyepaisha mpira. Nami maskini, nilivyoitaka ile safari! Nikawa naugusagusa mpira tu, jicho moja kwa mgeni aliyeketi kitini pembeni. Mikimbio ya kutupa alama haiji, wenzangu wamenuna. Amirali, niliyekuwa nikipiga naye, yeye mwisho ule na mimi huu, akauacha upande wake akanijia.

"Saidi, leo wamchezea nani? Sisi, au yule aliyeketi kwenye kiti?"

"Na nikitoka je, Bwana Amirali?"

"Utatoka. Kwani nani hatoki? Lakini utoke ukicheza mchezo wako."

Niliona haya, we! Nikapiga, mpira ukavuka ukuta. Nikapiga tena, ukavuka. Uliofuata ukadakwa hewani ukingoni kabisa, nikatoka. Nikaenda kulia nyuma ya jengo la klabu, na kweli, mgeni hakunichukua. Alirudi mwaka wa pili kunitafuta. Alisema ule mpira uliovuka ukuta ulikuwa haumtoki kichwani.

Nikacheza ng'ambo miaka mingi, kwenye baridi ya kukata vidole. Kuna siku walinibeba juu, na kuna miezi nilidakwa kila nilipoingia, wakanizomea. Mwishowe macho yakawa yachelewa kuuona mpira. Wakaniaga, nikarudi nyumbani na moyo mweupe.

Sasa ni zamu yako, mjukuu wangu, na ndege yako ni kesho. Nakupenda hata nashindwa kula. Nisikilize: mwenye mkono kama wetu hutoka mara nyingi. Usimchezee aliyeketi kwenye kiti, awe kocha, awe mwenye klabu, awe hata mimi. Ukinipigia simu, usinisomee mikimbio. Niambie tu ulipiga au uliogopa. Na ukiogopa niambie vilevile, tutazungumza.

Nenda, mwanangu. Mola akulindie macho na mikono, akupe huko wa kukukaripia kwa mapenzi, akurudishe kwetu salama.