Sahani ya Jirani na Amin Yangu

Juzi jirani yangu wa hapa Maskati, mtu mwema kabisa, amenirudishia sahani yangu. Ameiosha, ameipangusa mpaka inang'aa, kaileta mwenyewe mlangoni na shukrani tele. Nikampokea kwa uso mkunjufu, nikafunga mlango, kisha nikabaki nimesimama na sahani mkononi. Sahani ilikuwa tupu. Binti yangu akaniuliza, mama una nini, nikamwambia sina kitu. Ningemweleza vipi? Kwa watu wengine sahani tupu ni sahani safi, basi. Kwa sisi tuliolelewa Ibra, mji wa ndani wa Omani, na mabibi waliotoka Unguja, sahani tupu ni maneno, tena maneno ambayo mtu haoni haya kuyatuma lakini angeona haya kuyatamka.

Kaa basi nikuhadithie, maana wewe utanielewa.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ndani ya Ibra, njia nyembamba ya vumbi, mitende upande mmoja na falaji, ule mfereji wa kumwagilia, ikipita nyuma ya ukuta. Maji yale ya falaji niliyasikia usiku na mchana mpaka nikawa siyasikii tena. Mbele yetu, hatua kumi na mbili za miguu yangu ya mtoto, ulikuwa mlango wa jirani. Yeye na Bibi walikua mtaa mmoja huko Unguja, wakatawanywa na dunia, kila mmoja akapita njia zake, wakaja kukutana tena Ibra wakiwa watu wazima, kila mmoja ana wajukuu. Bibi alikuwa akisema, "Watu wote hapa wananijua mimi ni bibi. Shoga yangu peke yake anayejua kuwa nilikuwa msichana."

Mwezi wa Ramadhani sahani zilivuka njia ile kila siku, na mvushaji nilikuwa mimi. Baada ya alasiri nilitoka na kaimati au sambusa chini ya kawa, nikarudi na mkate wa kumimina ungali wa moto, harufu ya iliki inaniua na mimi nimefunga. Sahani za jirani zilikuwa na alama chini, tone la rangi nyekundu ya kucha, zisije zikachanganyika na zetu. Ikija sahani yake, hairudi mpaka kitu kiwemo ndani. Hata iwe tende tatu. Hata iwe ndimu.

Kwa nini, nilimuuliza Bibi siku moja. Akanambia kwamba huko Unguja, zama za siasa, watu walipogawika vyama, jirani wa mama yake alirudisha bakuli tupu. Bakuli tu, limeoshwa. Mama yake alilitazama akajua. Tangu siku hiyo nyumba mbili zile hazikualikana harusi, na ulipofika msiba hawakuzikana. Bibi alilisimulia jambo hilo kwa sauti ndogo, yeye ambaye hana sauti ndogo. Halafu akasema siasa haitaingia nyumbani mwake mpaka afe.

Iliingia, tena kwa kupitia redio.

Mwaka huo, mimi nina miaka kumi, Marekani ilikuwa katika vita vya Iraki, na katikati ya vita wakawa wanachagua rais. Utasema, Ibra inahusiana nini na kura za Marekani. Inahusiana sana. Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa Bibi, alikuwa kule, na binti wa jirani vilevile alikuwa kule, mji mwingine, na wote wawili wameshakuwa raia na wana kura. Kwa hiyo njia yetu ile ya vumbi ilikuwa na kura mbili za Marekani, na wanawake wakazipigania kana kwamba sanduku limewekwa uani kwetu. Majina ya wagombea yaliwashinda kutamka. Bibi akawapa majina yake: yule rais mwenyewe akamwita Aliyekaa, na mpinzani wake akamwita Anayetaka Kukaa.

Alasiri wanawake walikusanyika uani kwa Bibi, huyu anakunja sambusa, yule anapepeta mchele, redio ya Kiswahili ya ng'ambo inakoroma juu ya dirisha. Wote walimtaka Anayetaka Kukaa. Televisheni ilikuwa inaonyesha nyumba za Iraki zilizoporomoka na akina mama wanaojipiga vifua, na wao hawakuhitaji zaidi ya hapo. Bibi alishampigia mjomba simu mara tatu kumwambia kura yake aipeleke wapi.

Jirani peke yake alikuwa upande wa pili. "Mwacheni Aliyekaa akae," alisema, macho yake yako kwenye unga. "Aliyewaingiza watu mle ndiye anayejua pa kuwatolea. Akija mgeni atawasahau ndani."

Bibi akaangua kicheko kibaya. "Na wewe shoga, vita hivi una hisa?"

"Kila mtu ana hisa yake," jirani akasema.

Nikwambie hapa hapa jambo ambalo sisi wakati ule hatukulijua, usije ukamdhania vibaya. Mjukuu wake, mtoto wa yule binti, alikuwa ndani ya vita hivyo, na amevaa nguo za jeshi la Marekani. Kijana wa miaka ishirini. Alitaka kusoma chuo, jeshi likaahidi kumsomesha, akaingia, halafu vita vikaja. Mama yake aliamini kwamba rais akibadilishwa mwanawe atatelekezwa jangwani, na jirani aliamini alichoamini binti yake. Katika njia ile nzima, nani angemwambia? Kila nyumba ilikuwa ikiwalaani wale askari asubuhi na jioni. Akanyamaza, akaonekana mpumbavu, na akaendelea kukunja sambusa.

Siku chache kabla ya kura alifuturu kwetu. Mkeka umetandikwa, uji, tende, kaimati zimerundikwa, sisi watoto tumekaa tunazitazama. Adhana ilipoanza Bibi akainua mikono. Yeye alikuwa na dua zake, na kila mtu anajua dua ya mwenye kufunga wakati wa kufuturu hairudi. Akaomba afya, akaombea maiti wetu, kisha akasema, "Ya Rabbi, na hao waliokwenda kuwapiga watu wa Iraki, hata mmoja usimrudishe kwao."

Tukaitikia amin. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa nataka kaimati.

Jirani alikuwa ameshaifikisha tende mdomoni. Akairudisha kwenye sahani. Mpaka leo sijaona mtu mwingine anayerudisha tende wakati wa kufuturu. Akasema amesahau jiko, akainuka, akajitupia mtandio akatoka.

"Ameshakuwa wa chama," Bibi akasema, akamimina uji.

Kesho yake sahani ya jirani ilikuja kama kawaida, mkate wa kumimina umefunikwa kawa. Bibi hakuugusa. Alitugawia sisi watoto wa kuweka mpaka magharibi, akaichukua ile sahani akaiosha mwenyewe, yeye ambaye haoshi vyombo, akaipangusa, akanipa.

"Mpelekee."

"Tuweke nini, Bibi?"

"Mimi nimesema nini? Mpelekee."

Nikatoka nayo. Zile hatua kumi na mbili siku ile zilikuwa nyingi. Nilikuwa mtoto lakini hadithi ya bakuli la Unguja ninayo kichwani, na nilijua kama nitafika na sahani hii basi watu hawa wawili hawatazikana. Nikasimama katikati ya njia. Mfukoni nilikuwa na zilizobaki za karankasho, siku mbili tatu zilizopita, ule usiku wa katikati ya Ramadhani ambapo watoto tunapita milango ya watu tunaimba na kupewa karanga na peremende. Nilikuwa nazitunza, nazihesabu kila nikitoka kusali. Nikazimimina zote kwenye sahani: peremende sita, karanga kidogo, na ubani wa kutafuna umeshalainika kwa joto.

Jirani alifungua mlango akaitazama sahani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, bado anaitazama.

"Bibi yako ndiye aliyeweka hizi?"

"Ndiye," nikasema. Nimefunga, na nikasema uongo.

Akacheka, kisha kicheko kikamgeukia. Akanishika mkono akaniingiza ndani, akafungua kabati, na chini ya kanga zilizokunjwa akatoa picha. Kijana mwembamba, kofia ya chuma imemkaa kubwa, anatabasamu kwa meno yote kama jirani mwenyewe anavyotabasamu. "Mjukuu wangu huyu," akasema. "Yuko huko mlikomuombea jana."

Sikuelewa yote, lakini hilo nililielewa. Nikamuuliza, "Amin inarudishwa vipi?"

Akairudisha picha chini ya kanga. Alikuwa ameshalificha jambo lile kwa mwaka mzima na sasa liko mikononi mwa mtoto wa miaka kumi. "Kamuulize bibi yako," akasema.

Nilivuka mbio. Bibi alikuwa anachuja maji ya ukwaju. Nikamuuliza vilevile, amin inarudishwa vipi, na alipoanza kunikaripia nikamwambia kuhusu picha. Alikaa chini, pale pale sakafuni, na chujio mkononi, maji ya ukwaju yakamchirizika mpaka kwenye kiwiko. Niliogopa zaidi ya kupigwa.

Kisha akainuka. Hakuvaa buibui, alijifunika kanga ya jikoni, akachukua tende moja, akatwambia sote tumfuate. Tukavuka. Hakubisha hodi. Jirani alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, mbele yake uji na peremende zangu, na Bibi akakaa ubavuni mwake wakasubiri adhana bila ya kutazamana. Ilipoanza akainua mikono. "Ya Rabbi, hao niliowataja jana, warudishe makwao. Wote. Na huyu wetu umuanze." Tukaitikia amin mpaka koo zikauma. Jirani akaitikia wa mwisho, polepole, kisha akala tende.

Msamaha Bibi hakuomba, hakujua unaombwaje. Alisema tu, "Shoga, mkate wako wa leo umezidi sukari," na mkate wenyewe hakuuonja.

Usiku ule ule akampigia mjomba kumwambia kura ampe Aliyekaa. Mjomba alipiga kelele mpaka tukamsikia kutoka kwenye mkono wa simu: mama, juzi umenambia hivi, leo hivi, watu wanakufa kule. "Najua wanakufa," Bibi akasema. "Kwa hiyo wewe fanya unavyoona." Hakumwambia sababu. Mjomba alimpigia aliyemtaka yeye, binti wa jirani akampigia aliyemtaka yeye, na kura mbili za njia yetu zikafutana. Aliyekaa akabaki amekaa. Vita vikaendelea vilevile, na uani kwetu hakuna aliyemzungumza rais tena.

Kijana alirudi mwaka wa pili yake. Alirudi mzima, ila mguu mmoja haukunjiki. Wanawake wote wakasema alhamdulillahi, lakini Bibi aliingia chumbani akafunga mlango. Miaka mingi baadaye, ameshakuwa mtu wa kitandani, alinambia, "Ile dua ya kwanza ilishafika nusu ya njia." Nilimwambia hapana Bibi, si hivyo. Hakunisikiliza.

Jirani alifunga safari kwenda Marekani kumuuguza mjukuu wake. Asubuhi ya kuondoka alileta sahani ya visheti, akasema akirudi atadai chake. Hakurudi, alizikwa huko huko. Bibi hakuiruhusu sahani ile itumike. Kila akiniona naikaribia ananambia, "Zamu yetu hiyo," mpaka naye akaenda zake. Nyumba ya jirani sasa wamebomoa wameweka maduka, na falaji imefunikwa saruji. Maji yanapita chini lakini huyasikii.

Mwaka jana mjukuu yule alikuja Ibra kutafuta nyumba ya bibi yake, akaikosa, watu wa mtaa wakampa namba yangu. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, anachechemea. Nilipika mkate wa kumimina, ukanikatikia pembeni, nikautia katika sahani yenye tone jekundu nikampelekea hotelini kwake hapa Maskati. Tukakaa, akala. Sikuweza kustahamili, nikamwambia yote: dua ya Bibi, na sauti yangu iliyokuwa kubwa kuliko za wote.

Aligeuza sahani akalitazama lile tone. Kiswahili chake ni kile alichofundishwa na bibi yake akiuguzwa, cha kuokoteza. "Mimi pia kule nilisema amin," akasema. "Kila siku. Kwa watu mimi sijui. Wao pia wana bibi." Akaiweka sahani chini. "Amin yako ilinikosa. Amin yangu, sijui ilimpata nani."

Asubuhi yake aliondoka kwenda kupanda ndege. Mchana hoteli wakanipigia kuwa kuna kitu changu mapokezi. Nikaenda. Ilikuwa ile sahani, sahani ya bibi yake, sahani yake mwenyewe ambayo angeweza kwenda nayo. Imeoshwa, na ndani yake alikuwa ameweka kila alichokikuta chumbani: pakiti mbili za chai, vipakiti vinne vya sukari na biskuti moja.

Nililia pale mapokezi mpaka msichana wa hoteli akaniletea maji. Ile chai sijainywa, iko kabatini pamoja na sahani. Yeye yuko mbali, namba yake ninayo. Zamu ni yangu.