Kichekesho cha Waingereza, Tafsiri ya Makongeni

Aliyenionya ni mwanamke anayeuza mboga karibu na lango letu. Alisema bila kuniangalia, huku akikatakata sukuma wiki: "Mathee, hiyo kamera yako inaongelewa. Watu wanasema umetumwa na wale wanataka kubomoa."

Kamera yenyewe ni simu yangu, imefungwa kwenye stendi niliyoinunua sokoni Gikomba. Lakini Makongeni watu wana haki ya kushuku. Mtaa huu ulijengewa wafanyakazi wa reli, na tangu reli iache kutuhitaji, yeyote anayesimama barabarani akitazama nyumba huonekana anahesabu milango ya kuvunja. Mimi nimezaliwa hapa, lakini hilo halikunisaidia. Nikisimamisha stendi, mapazia yanafungwa upande huu na upande ule. Sikumlaumu mtu. Mimi mwenyewe mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza anataka nini.

Kilichowatia wasiwasi zaidi ni ukweli wenyewe. Niliwaambia natengeneza video kuhusu kichekesho cha zamani cha Kiingereza, kile tulichokuwa tukikitazama tukiwa watoto. Sasa nani ataamini hilo? Mwanamke mzima mwenye mvi, amestaafu ukarani wa shule, anabisha hodi kuuliza kama unakumbuka Wazungu fulani wa kwenye televisheni. Hata mimi nisingefungua mlango.

Kichekesho kilihusu nyumba ya kupangisha vyumba katika mji fulani wa Uingereza. Kulikuwa na mama mwenye nyumba asiyeachana na birika lake, mume wake mvivu, na wapangaji waliogombania bafu moja. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni ya choo kila asubuhi tuliwaelewa mara moja.

Televisheni ilikuwa nyumbani kwa jirani yetu, karani wa reli kutoka Machakos. Jumapili jioni kila familia ilikuja na viti vyake, sisi watoto tukakaa sakafuni. Wengi wa mama zetu hawakujua Kiingereza, kwa hiyo karani alisimama kando ya televisheni na kutafsiri. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile, na hakuna aliyeona ajabu. Mwenye televisheni ndiye mwenye kusema.

Naye alisema kupita kiasi. Mzungu akitamka maneno matatu, karani anatupa hadithi nzima. Alitia chumvi, na chumvi hiyo ilitoka mtaani kwetu. Mtu akizidisha madebe yake bombani wakati wenzake wamelala, Jumapili anasikia kwamba huko Uingereza kuna mpangaji mwizi wa maji. Tulivunjika mbavu, na siku zote kulikuwa na mmoja aliyecheka kidogo kuliko wengine. Mama yangu alikuwa akimtafuta huyo kwa macho. Nadhani nimeirithi tabia hiyo.

Mtu pekee aliyethubutu kumkosoa karani ni baba yangu. Baba alikuwa gadi wa treni, Kiingereza chake kilinyooka, na hakuweza kuvumilia tafsiri mbovu. "Hajasema hivyo, bwana," angesema kutoka kiti chake cha mlangoni. "Amesema chai imepoa." Karani naye angejibu, "Si ndivyo nimesema?" Watu walipenda mabishano hayo kuliko kichekesho.

Basi mambo kama hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaweka kwenye video zangu, nikiongea Kiswahili na kuandika Kiingereza kidogo chini yake. Walionitazama walikuwa wachache na waungwana. Kisha nikatengeneza video kuhusu kipindi ninachokikumbuka kuliko vyote. Mume mvivu anamwambia mkewe aende akaishi shambani na watoto kwa sababu hewa ya mjini ni mbaya, kumbe anataka chumba kibaki wazi kwa ajili ya mwanamke mwingine. Mama wa birika anagoma kuondoka. Nilikisimulia kwa madaha, nikabana sauti kama karani, nikaiweka mtandaoni.

Mzee mmoja wa Uingereza, mkusanyaji wa vipindi hivyo, aliniandikia kwa adabu ile inayokera. Kipindi hicho hakipo, alisema, na hakijawahi kuwepo. Nikamshuku papo hapo. Nilimwona ni wale wanaotaka kutufundisha tulichokiona kwa macho yetu. Nikamjibu kwa ukali, nikamtajia mvua dirishani, paka juu ya kabati, na sahani zilizotundikwa ukutani. Akajibu kwamba kipindi chenye mvua na paka anacho, na akanitumia.

Nilikitazama mama yangu, ninayeishi naye, akiwa kanisani. Mvua ilikuwepo. Paka alikuwepo, na sahani pia. Mume alikuwa nyuma ya gazeti. Mama mwenye nyumba alikuwa anaosha vikombe, uso wake umetuelekea, kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu, mpaka kimoja kikamponyoka kikavunjika na watazamaji wa kule wakacheka. Hakuna aliyesema neno. Sikusikia shamba, sikuona mwanamke mwingine. Nikarudisha nyuma nikatazama tena. Midomo yao ilikuwa imefungwa.

Hapo nikaiweka simu chini. Kwa sababu siku zilezile za kipindi hicho, baba alikuwa anataka kutuhamishia shambani Murang'a, mama pamoja na sisi watoto. Alisema hewa ya mjini inatuharibu kifua. Masufuria yalikuwa yameshafungwa kwenye gunia. Kisha mama akakataa, ghafla, bila kutuambia sababu, na hakuna aliyeweza kumng'oa. Tulibaki, tukasoma shule za hapa. Yeye na baba wakaishi chini ya paa moja kwa maneno machache mpaka baba alipofariki. Picha yake iko ukutani, juu ya redio, na kila Jumamosi mama huipangusa vumbi.

Kwa hiyo karani alibuni. Nilichotaka kujua ni kama alibuni uongo au ukweli. Kama ni uongo, baba yangu aliishi na kufa amehukumiwa bure ndani ya nyumba yake. Kama ni kweli, basi yule aliyenibeba mabegani kwenda kutazama treni alikuwa ananiondoa ili chumba chetu kipate mtu mwingine. Nilimpenda sana baba. Nilikuwa tayari kumshuku mtu yeyote mwingine duniani kabla yake.

Nikaanza na karani, maana alikuwa karibu. Nilikumbuka kwamba hakuwa ameoa wakati ule. Nilikumbuka kwamba mama alikuwa mrembo, na kwamba kila Jumapili kiti chake kiliwekwa mbele kabisa, kando ya televisheni. Kabla sijafika kwake nilikuwa nimeshamhukumu.

Bado anaishi mstari wa nyumba ulio nyuma yetu. Nilimkuta amevaa koti juani.

"Zima hiyo kitu kwanza," aliniambia kabla sijakaa.

"Imezimwa, mzee."

"Weka hapa niione."

Nikaiweka simu mezani. Akaigeuza kifudifudi, akaegesha kikombe chake juu yake. Nikamwambia nilichokiona: mvua, paka, vikombe, na watu wasiosema chochote.

"Wewe ukatuambia mambo ya shamba," nikasema. "Ulitoa wapi?"

"Mimi nilikuwa natafsiri."

"Hakuna mtu alikuwa anaongea, mzee."

"Kuna mtu alikuwa anaongea," akasema. "Lakini si kwa TV. Alikuwa anaongea kazini, huko reli, kwa watu hakufikiria watarudi nayo nyumbani."

Hasira ikanipanda. Nikamuuliza wazi kama alikuwa anamtaka mama yangu.

Akavuta koti lake vizuri. "Msichana wangu, mimi mama yako nilikuwa namwogopa. Mpaka leo nikimwona anakuja navuka barabara." Kisha akanyoosha kidole mlangoni, mahali ambapo sasa pana ndoo. "Baba yako alikuwa anakaa pale. Kizungu yake ilikuwa inashinda yangu mbali sana. Kila Jumapili ananirekebisha mbele ya watu. Sasa niambie, hiyo siku alinirekebisha?"

Nikalitafuta lile "hajasema hivyo, bwana" kichwani mwangu. Nilikuwa na hakika nitalipata, kwa sababu nilikuwa nayo mengi. La siku ile sikulipata.

"Pengine hakusikia," nikasema.

"Muulize mama yako," akasema, akaniondolea kikombe juu ya simu.

Niliondoka nikiwa nimekasirika zaidi ya nilivyokuja. Lilikuwa jibu la mjanja, na wajanja siwaamini. Mtoto wa miaka ile anaweza kusahau sentensi moja. Lakini kumuuliza mama sikuthubutu. Mama ni mzee, presha yake inapanda kwa mambo madogo, na kama aliamini miaka yote kwamba televisheni ya Wazungu ilimfungua macho kwa bahati tu, sikutaka niwe mtu wa kumwambia kwamba jirani alikuwa anamsema mbele ya mtaa mzima. Niliamua kuifuta ile video, nimwombe radhi yule Mwingereza, na kila mtu abaki na baba aliyemjua.

Siku iliyofuata nilikaa mezani nifanye hivyo. Nikajiambia nikitazame kile kipindi mara moja ya mwisho. Nilidhani mama amelala chumbani.

"Mami," sauti yake ikasema nyuma yangu. Ananiita hivyo kwa sababu mimi nimepewa jina la mama yake. "Huyo paka namjua. Hebu rudisha."

"Ni ya zamani tu, mama. Haina kitu."

"Rudisha, nimesema."

Nikarudisha. Akavuta kiti, akakaa karibu kabisa, kama alivyokuwa akikaa kwa karani. Akakaza kitambaa kichwani. Mvua ikaanza kugonga dirisha la Waingereza. Mama mwenye nyumba akachovya kikombe cha kwanza majini.

"Hapa hawaongei, mama," nikasema. "Anaosha vikombe tu."

"Kwani mimi ni kipofu?" akasema. "Kizungu sijui, lakini mdomo uliofungwa naujua."

Kisha akaanza kusema. Hakuwa anasema na mimi. Alisema kwa sauti ya karani, ileile niliyojaribu kuibana kwenye video nikashindwa, na hakusita popote. "'Huyu mzee anamwambia bibi yake, nenda nyumbani ukalime, hewa ya hapa ni mbaya kwa watoto. Kumbe hewa haina makosa. Kuna mtu ashaambiwa chumba kitakuwa wazi mwisho wa mwezi.'"

Nilimtazama mama, nikatazama ile picha juu ya redio, kisha nikaangalia chini. Nilitaka kuzima lakini mkono wake ulikuwa juu ya wangu.

"Hapa," akasema, macho hayajaondoka kwenye simu, "hapa nilimngojea baba yako aseme hajasema hivyo, bwana."

Kwenye simu yule mama alikuwa anafuta kikombe, polepole, pande zote.

"Nilingoja," mama akasema. "Hata karani mwenyewe alimwangalia, akamngojea. Nilikuwa nataka sana aseme."

Kikombe kikamponyoka yule mama, kikavunjika.

"Baba yako akacheka tu."