Chupa Iliyoganda

Kila mwaka nawachorea kidato cha kwanza barafu, maji na mvuke ubaoni, nawaambia kitu ni kilekile, kilichobadilika ni hali yake tu. Nalisema kwa ukali, maana swali hilo halikosi kwenye mtihani. Afadhali ningejiambia mwenyewe.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, kwake Mtawanya, na hadi leo anapika mafuta ya nazi ya kuuza. Anakuna nazi, anakamua tui, analichemsha hadi maji yote yaondoke kwa mvuke, yabaki mafuta matupu. Jirani zake hawanunui kwa mwingine. Mimi ananiletea chupa yangu bure, na nywele za wanangu zimekua kwa mafuta hayo.

Mwaka tuliofunga kiyoyozi nyumbani kwetu Shangani, niliamka asubuhi nikakuta chupa iliyokuwa mezani chini ya kiyoyozi imekuwa nyeupe, imeganda hadi shingoni. Nikaamua papo hapo kwamba ameanza kuchanganya na mafuta ya kopo, yale ya kuganda. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu una haraka kuliko kichwa. Nikaitia chupa mkobani, nikapanda bodaboda kwenye jua kali, nikamkuta barazani na wanawake wawili waliokuja kununua. Sikumpa hata shikamoo. Nilimwambia mbele yao kwamba mafuta yake siku hizi si safi, yana mchanganyiko.

Nikatoa chupa niwaonyeshe. Mafuta yalikuwa maangavu kabisa. Chini kulibaki kipande cheupe kidogo kama ukucha, nacho kikayeyuka tukikitazama.

"Mwanangu," alisema mama mdogo, "humo mna nazi tu."

Mwanamke mmoja aliirudisha chini chupa aliyokwisha kuichagua, akasema atapita baadaye. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikaomba radhi, nikaeleza habari za baridi na kuganda, mwalimu mzima. Alisema yameisha, akanikaribisha chai na muhogo.

Mafuta bado ananiletea. Ila siku hizi, kabla hajanikabidhi, anafungua kifuniko, anamimina kidogo kiganjani na kulamba, macho yake yakiwa kwangu. Nimemsihi aache. Siku moja nililia mbele yake.

"Naonja tu, mwanangu," anasema, kisha ananipa chupa.