Kiti Kimefungiwa Stoo, Miguu Inawaka Moto

Mvuke umetanda chumba cha kupigia pasi cha hoteli, na Mama Pasi, kama wenzake wanavyomwita, amesimama kwa mguu mmoja. Mwingine anausugua nyuma ya goti. Shuka inanyooka. Uso wake haunyooki.

“Tazama mwenyewe,” anasema, akipandisha sketi kidogo.

Vishipa vyembamba, vyekundu na vya zambarau, vimetambaa hadi kwenye kifundo kama utando wa buibui.

Amepiga pasi hapa miaka kumi na minne. Zamani palikuwa na viti. Msimamizi mpya alivifungia stoo, akidai anayekaa husinzia. Siku alipoiona miguu hiyo ngazini alimwambia, “Funika hayo madudu, wageni watashindwa kula.”

“Nililia chooni,” anasema. “Kisha nikanunua krimu mtaani. Ikanibabua ngozi, vishipa vikabaki vinanicheka.”

Daktari wa zahanati alimweleza kwamba vilango vidogo ndani ya mishipa vikilegea, damu inayopaswa kupanda hutuama miguuni, vishipa vikajitokeza. Ukoo huchangia, mimba pia, na umri. Kusimama kutwa huzidisha.

Alimshauri avae soksi za kubana, atembetembee, akipumzika ainue miguu. Ipo pia sindano ya dawa inayofunga vishipa hivyo.

“Lakini nikikuchoma leo, kesho ukasimama tena kutwa, vingine vitatokea,” daktari alimwonya.

Akarudi kazini kuomba kiti.

“Msimamizi akanijibu, ‘Basi daktari wako akuajiri.’ Hapo damu ilinichemka!”

Wiki iliyopita alizima pasi, akapindua kreti la sabuni, akakaa. Jirani yake akakaa sakafuni. Mmoja mmoja, wote tisa wakakaa. Shuka zikarundikana, wageni wakaanza kulalamika, mpaka meneja akashuka mwenyewe na kuamuru stoo ifunguliwe.

Vilitoka viti viwili.

“Viwili, kwa wanawake tisa! Wanatuona mabwege?”

Jumatatu wote wanakwenda ofisi ya kazi ya serikali kudai kila meza iwe na kiti chake. Sindano ataifikiria baadaye. Binti yake ameanza kutafuta kazi, na hoteli hii inaajiri.

“Mama yangu alikuwa na miguu hii, na mimi ninayo,” anasema, akiinua pasi. “Yangu wameshaiharibu. Ya mwanangu hawaipati.”