Sumu ya Nyuki Mikononi mwa Odeta

Kiwandani walimwita Mashine. Sangara mkubwa alilazwa mezani mbele yake, na kabla mwenzake wa upande wa pili hajamaliza kunoa kisu, Odeta alikuwa ameshatoa mnofu wa ubavu mzima bila kuacha nyama kwenye mfupa. Ilikuwa miaka ile viwanda vya samaki vilipokuwa vikiota kando ya ziwa kimoja baada ya kingine. Ndege zilibeba minofu kwenda Ulaya, na watu wa Mwanza wakabaki kugombania mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyosalia baada ya kisu kupita.

Odeta alikuwa Mkerewe, na mumewe Josephat vilevile. Walipanga vyumba viwili Kirumba tangu siku ambazo Josephat alikuwa fundi wa reli. Ilipokuja habari ya kupunguza wafanyakazi, Josephat alikuwa kati ya waliopunguzwa, akaanza kutengeneza baiskeli za watu chini ya kibanda cha bati mbele ya nyumba. Baiskeli hazikuleta kitu cha maana. Kisu cha Odeta ndicho kilichoilisha nyumba na kumweka binti yao Leokadia katika shule ya bweni huko Musoma.

Ugonjwa ulianza kwa vidole kukataa kukunjika asubuhi. Odeta aliamka, akataka kushika kikombe, vidole vikabaki vimenyooka kama vya mtu mwingine. Mwanzoni alilaumu barafu. Wanawake wote wa meza ya minofu walisimama ndani ya mabuti ya mpira, miguu kwenye maji, mikono kwenye ubaridi kutwa nzima, na wote walilalamika. Lakini mikono ya wenzake ilirudiwa na joto walipofika nyumbani. Yake ilivimba. Vifundo vya vidole viligeuka vyekundu na vya moto, kisha viwiko, kisha magoti.

Alificha mpaka akashindwa kuficha. Siku moja kisu kilimponyoka kikapita karibu na mguu wa Evelina, mwanamke wa Sengerema aliyesimama naye meza moja. Nyapara aliona. Akamhamishia kuosha trei, na baadaye, kwa kuwa Odeta alikuwa kibarua tu kama wengine, hakuna aliyehitaji kumfukuza. Asubuhi moja majina yalisomwa getini, lake halikusomwa.

Hospitalini daktari aliyaminya maungo yake moja baada ya jingine akamwambia ni baridi yabisi, ile mbaya, ambayo mwili unajipiga wenyewe. Alipewa vidonge. Vidonge vilimtuliza kidogo, kisha vikamchoma tumbo hadi akawa anatapika damu, akaviacha. Akachanjwa na mganga wa Igoma. Akapakwa mafuta ya chatu. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuja kumwombea, wakaondoka, naye akabaki amekaa kitandani akimsubiri Josephat aje amfungie kanga.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko maungo. Mwanamke aliyeitwa Mashine kufungiwa kanga.

Evelina ndiye aliyeleta habari za nyuki. Alikuja siku ya Jumapili na kifurushi cha mapanki ya kukaanga, akaketi, akamtazama Odeta akijaribu kula kwa viganja.

"Dada, kule kwetu yuko mzee Ndalahwa, anarina asali. Watu wenye viungo wanaenda kwake. Anawachomesha nyuki pale panapouma."

"Nyuki hawa hawa?" Josephat akauliza.

"Hawa hawa, shemeji. Mjomba wangu alikuwa anatembelea magongo. Sasa analima."

Josephat hakupenda. Lakini hakuwa na kingine cha kumpa mkewe, na Odeta alishaanza kuuliza pantoni huvuka saa ngapi.

Walimkuta Ndalahwa nyuma ya nyumba yake, mbali kidogo na mji wa Sengerema, akichonga gogo la mzinga. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, na mikono yake ilikuwa imejaa makovu madogo meupe. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamtaka Odeta anyooshe mikono, akaitazama bila kuigusa.

"Mimi si mganga," akasema. "Nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Nimeona watu wakipata nafuu, nimeona na wengine wasipate. Kwa nini iwe hivyo, sijui. Umeshawahi kuchomwa na nyuki, mama?"

"Utotoni, Ukerewe."

"Ulifanyaje?"

"Nililia."

Mzee alicheka kidogo. Akaenda kwenye mzinga, akarudi na nyuki mmoja kati ya vidole, akamweka juu ya kifundo cha mkono. Odeta aliuma meno. Ulikuwa moto mwembamba ulioingia ndani kabisa, ukatawanyika, na mahali pale pakavimba palepale. Walikaa wakisubiri, mzee akimtazama usoni muda wote. Hakuna baya lililotokea. Kesho yake alimwekea wengine zaidi, na siku iliyofuata akamfundisha Josephat jinsi ya kumshika nyuki kwa kibanio bila kumponda, na jinsi ya kuukwangua mwiba kwa ukucha sumu ikishaingia. Aliwapa kijisanduku cha mbao chenye wavu, nyuki ndani, na kipande cha sega ili wasife njaa.

Walipokuwa wanaaga, alimgeukia Odeta.

"Sikiliza, mama. Kuvimba pale ulipochomwa si kitu. Lakini ukiona unawashwa mwili mzima, au midomo inavimba, acha. Siku hiyo hiyo, acha. Hata kama mikono imepona."

Wote wawili walisikia.

Basi ikawa ndiyo kazi ya jioni katika chumba kile cha Kirumba. Josephat alinawa grisi mikononi, akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda mbele ya mkewe na kuuchukua mkono wake akauweka juu ya goti lake. Mtu huyu ambaye katika miaka yote ya ndoa hakuwa na maneno mengi sasa alimzungumzia muda wote, taratibu, kama anavyosemeshwa ng'ombe anayekamuliwa. Anakuja mmoja, mama Leokadia. Usikaze. Haya, amekwisha. Nyuki akishachoma hufa, na Josephat aliwaweka waliokufa kwenye kisosi, akaenda kuwamwaga nje. Odeta alilia kila jioni, na kila jioni alingoja saa ile ifike.

Ikafika asubuhi akaamka, akanyoosha mkono kuchukua kikombe na vidole vikakunjika. Si vyote, si kikamilifu, lakini vilikunjika. Baada ya wiki kadhaa alimenya ndizi. Kisha akajifungia kanga mwenyewe, akasimama mlangoni ili Josephat amwone kutoka kibandani kwake. Josephat aliacha gurudumu likaanguka.

Odeta alirudi getini. Nyapara alimwambia ashike kisu amwone, akashika. Hakuwa tena Mashine, ila kazi aliimudu, na jina lake likaanza kusomwa baadhi ya siku. Josephat aliendelea kuvuka kwenda kwa Ndalahwa kila nyuki walipoisha.

Ni katika kipindi hicho viganja vilipoanza kumwasha. Mara ya kwanza ilitokea mara tu baada ya kuchomwa; viganja, kisha nyayo, kisha mabaka mekundu mgongoni ambayo Josephat hakuweza kuyaona kwa sababu ya gauni. Yalipotea kabla ya kulala. Mara ya pili yalikaa zaidi, na mdomo wa juu ukawa mzito. Odeta alilikumbuka neno la mzee. Lakini alifikiria pia meza ya minofu, na ile hali ya kukaa kitandani akingoja kufungwa nguo. Akajipaka mafuta ya nazi, akanyamaza.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Wanaokumbuka mwisho wa mwaka tisini na saba wanakumbuka jinsi barabara zilivyokatika, matope yalivyoteremka kutoka kwenye miamba ya vilima hadi ndani ya nyumba za watu, na kipindupindu kilivyoingia nyuma yake. Njia ya Sengerema haikupitika kwa baiskeli. Majuma yakapita bila nyuki. Mikono ya Odeta ikaanza kufunga tena, na getini akaacha kwenda. Ulaya nako walikuwa wamesikia habari za kipindupindu, wakawa hawataki samaki wetu, na viwanda vikapunguza watu mpaka hata Evelina akabaki nyumbani.

Mvua zilipopungua Josephat alifunga safari. Alirudi amechafuka matope mpaka kiunoni, kijisanduku amekifunga kifuani ndani ya koti. Jua lilikuwa bado liko juu. Odeta hakumpa hata nafasi ya kula.

"Anza na huu wa kulia," akamwambia.

Josephat akaketi, akauweka mkono gotini, akamchukua nyuki wa kwanza. "Anakuja mmoja," akasema. Akamweka wa pili.

Wa tatu hakuwekwa. Odeta alihisi viganja vikiwaka, kisha joto likampanda shingoni kama mtu amemmwagia maji ya moto kwa ndani. Alitaka kusema ngoja. Ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima. Koo likafunga, akavuta hewa na hewa haikuja, akamwona Josephat anasimama na kigoda kinaanguka bila kusikia sauti yake. Aliona aibu kwamba mkojo umemtoka. Hilo ndilo jambo la mwisho aliloliwaza.

Mengine aliyasikia kwa majirani. Josephat alimbeba begani hadi barabarani akisimama mbele ya magari, na pikapu iliyokuwa imepakia mapanki ndiyo iliyosimama. Walimlaza juu ya mifupa ile ya samaki. Alipofikishwa hospitalini alikuwa wa buluu midomoni, na nesi aliyekuwa zamu alimchoma sindano pajani kabla hata ya kumuuliza mtu jina.

Odeta alizinduka, Josephat akiwa amesimama ukutani, magamba ya samaki yamemkaukia kwenye shati. Daktari kijana alikuwa anaandika.

"Una bahati, mama," akasema. "Mwili wako umeshawakataa nyuki. Kuanzia leo, hata mmoja anatosha kukuua. Hapo nyuma hukuona dalili yoyote? Kuwashwa? Kuvimba midomo?"

Odeta angeweza kutikisa kichwa. Hakuwa na nguvu ya kudanganya.

"Niliona," akasema. "Mara mbili."

Daktari aliandika hilo pia. Josephat alimtazama mkewe, kisha akatoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nje.

Hakumgombeza. Odeta angetamani amgombeze. Walirudi nyumbani, Josephat akakichoma moto kijisanduku uani, akakoroga majivu kwa fimbo. Usiku ule alitandika mkeka chumba cha mbele, na mkeka ukabaki huko.

Aliendelea kufanya yote yanayofanywa na mtu mwema. Alichota maji, alipika, alimfungia kanga. Lakini alifunga kwa ncha za vidole, akitazama pembeni, na mikono ya mkewe hakuigusa. Maumivu yaliporudi, safari hii hayakuacha kiungo. Siku moja Odeta alimwomba amnyooshe vidole kidogo tu, kwa vile vilikuwa vinaingia kwenye kiganja.

"Siwezi," Josephat akasema.

"Si nyuki, baba Leokadia. Ni vidole."

"Uliniachia nikuue kwa mikono yangu," akasema. Hakupandisha sauti. "Ulijua, ukanipa mkono. Na mimi nikawa nakubembeleza."

Yale Odeta aliyokuwa nayo ya kumwambia, kwamba alitaka kazi, kwamba alitaka kujivika nguo, na kwamba alizipenda jioni zile kuliko siku za uchumba wao, hakujua ayaseme kwa mpangilio gani.

Ulimwengu wake ukawa mdogo. Maembe yalipoiva na nyuki wakajaa kwenye mabeseni ya wachuuzi, alishinda ndani na dirisha limefungwa, jasho likimtoka. Kanisani aliacha kwenda kwa sababu ya maua ya altareni. Leokadia alimaliza shule, akaolewa huko huko Musoma, na harusini Odeta alikaa ndani ya gari.

Miaka miwili hivi baada ya tukio lile, Evelina alikuja tena. Alikuwa amezeeka haraka. Mama yake, alisema, magoti yamekwisha. Watu wanamshauri ampeleke kwa Ndalahwa.

"Nakuuliza wewe, dada, kwa sababu wewe umeyaona yote."

Josephat alikuwa mlangoni akiziba mpira wa baiskeli. Mkono wake ukasimama.

Odeta alifikiri. "Nyuki walinisaidia," akasema. "Sitakudanganya. Miezi ile nilikuwa mtu. Lakini mama yako akianza kuwashwa, atakuambia?"

Evelina aliinamisha macho. "Mama hasemi kitu kinapomuuma."

"Basi usimpeleke."

Evelina akashukuru, akakaa kidogo, akaondoka. Baadaye walisikia kwamba alimpeleka hata hivyo, na kwamba mzee Ndalahwa aliwarudisha kutoka uani kwake bila kuwapa hata kiti. Alikuwa ameacha kuchomesha watu tangu Josephat alipovuka kwenda kumweleza, safari ambayo Odeta hakuwahi kuambiwa.

Jioni aliyokuja Evelina, Josephat alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa na kukikamua. Akaketi kwenye kigoda. Akakitandaza juu ya mikono yote miwili ya mkewe, ikafunikwa, kisha akaweka viganja vyake juu ya kitambaa na kukandamiza. Odeta aliogopa hata kuvuta pumzi kwa nguvu. Kitambaa kilipopoa, Josephat alikiondoa, akakianika kambani, akatoka kumalizia mpira wake kabla giza halijaingia.