Mguu wa Mpishi

Hapana, viatu hakuvaa. Najua ungeniuliza, kila ninayemsimulia huanzia hapo, kwa hiyo nakujibu mapema ili twende. Alikuwa peku, mguu wa kulia una kovu la moto hapa juu ya kidole gumba, kucha moja haipo. Ukiutazama ni mguu wa kawaida kabisa, mguu wa mtu anayeshinda karibu na majivu. Ila mguu ule, mwenzangu, nimezeeka sijaona mwingine.

Nimeukumbuka Jumapili hii. Mjukuu wangu anasoma chuo hapa mjini Tabora, alikuja kunisalimia. Shikamoo bibi, marahaba, kakaa kwenye mkeka tunabangua karanga, mara akaanza habari za timu ya chuo chao. Ligi ya vyuo bado haijaanza, wako kwenye mazoezi. Siku hizi anaongea kama katoka Dar, wakati hata Morogoro hajafika. Anavuta maneno hivi: "Bibi, mwaka huu tumejipanga. Mabeki tunao, kipa tunaye, winga anakimbia kama kaiba. Tatizo letu mipira iliyokufa." Nikamuuliza, mpira ukifa si mnauzika? Akacheka mpaka karanga zikamwagika. Akanieleza ni penati, kona, na ile mipira ya adhabu. Aliyekuwa anaipiga kamaliza chuo, kaondoka na mguu wake. Sasa kila anayejaribu anapeleka juu kwa ndege.

Mkono wangu ukasimama juu ya ungo. Habari hiyo naijua tangu sina meno ya mbele.

Mimi nililelewa na bibi yangu, nje ya mji, upande reli inakokwenda Goweko. Shamba lake la muhogo lilipakana na kiwanja cha chuo cha walimu. Goli moja lilitazama jiko la chuo, na nyuma ya goli la pili ni muhogo wetu. Kiangazi mavuno yakishaisha, bibi anaanika michembe ya viazi kwenye mwamba, mimi nakaa pale na fimbo nafukuza kuku na mbuzi. Viazi vikikauka vinanukia utamu fulani na vumbi, mpaka leo nikisikia harufu ile nageuka kutafuta kuku wa kumpiga. Shule sikwenda. Bibi alisema shule iko mbali na kuku wako karibu.

Kutoka juu ya mwamba nilikuwa naona mazoezi yote. Mwalimu wa michezo alikuwa mtu mwembamba, filimbi haitoki mdomoni hata akiongea, kwa hiyo kila neno lake lina mlio. "Prii-kimbieni. Prii-simameni. Prii-nani kakuambia upige na goti." Jioni wale wanafunzi wakiwa wamelala chini hoi, mimi namwiga kule kwenye mwamba, wanainuka wanaanza kukimbia tena. Bibi alinichapa kwa ajili hiyo, lakini alinichapa huku anacheka.

Timu ilikuwa nzuri. Hata mimi mtoto niliona. Mabeki wawili kama magogo ya mninga, kipa mrefu anachuma mpira juu kama papai. Lakini mpigaji wao alikuwa amemaliza masomo, kapangiwa kufundisha mbali. Waliobaki wakiwekewa mpira chini, mpira umetulia hausumbui mtu, wanaupiga unaingia kwenye muhogo wa bibi. Kila jioni. Bibi akawa anatoka na jembe begani anawaambia kama wanataka kumsaidia kuvuna waseme tu. Na mashindano ya vyuo yalikuwa yanakaribia, wa Pwani wanakuja na treni, wale waliochukua kombe mara ya mwisho. Mwalimu wa michezo alikonda zaidi, ukimtazama ubavuni unaona filimbi tu.

Basi jioni moja mmoja wao kapiga, mpira ukaenda upande mwingine kabisa, ukaingia jikoni, ukatua kwenye sufuria la maharage. Lile sufuria la chuo, ambalo mimi ningeweza kuogea ndani. Tukasikia pwaa. Mpishi akatoka. Mtu mkubwa, ndevu zina majivu, mwiko mkononi kama kasia. Kwa kawaida alikuwa anaongea chini chini, kama mtu asiyetaka kuamsha chungu. Mpira ulikuwa unatoa moshi. Akaufuta kwa aproni, akauweka chini mlangoni pa jiko, akarudi nyuma hatua mbili, mwiko bado anao.

Sikiliza. Sauti yake haikuwa kama ya wale wengine. Wao mpira unalia paa. Wake ulilia du, chini, kama mtu kafunga mlango wa ghala. Ukaondoka pale jikoni ukavuka kiwanja chote, ukaelekea nje kabisa kushoto, nikasema huo umepotea. Halafu kule mbele ukakata kona peke yake, ukarudi ndani kama ng'ombe aliyekumbuka zizi. Ukampita kipa yule mrefu. Kipa hakunyoosha hata mkono, aligeuka tu kuutazama, kama mtu anayetazama treni. Hata filimbi ilidondoka, nikajua mwalimu yule naye ana midomo. Mpishi akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Maharage yenu leo yana ngozi," akarudi ndani.

Walimwuliza kajifunza wapi. Alichunga ng'ombe Puge tangu mdogo, na huko kwao ng'ombe anayeongoza akigeukia shamba la mtu, mchungaji yuko nyuma, hawezi kumkimbilia. Anapiga tango pori kwa mguu, lile gumu chungu, lipite nje ya kundi lote, likate, litue mbele ya pua ya yule wa mbele ashtuke ageuke. Ukimgonga ng'ombe, baba anakugonga wewe. Miaka yote ya utoto wake alipiga matango. Mpira kwake ulikuwa tango laini.

Shida moja. Kanuni ya mashindano ilisema wacheze wanafunzi tu. Mkuu wa chuo alikuwa anaongea kwa pua na kila sentensi anaifunga kwa "umenielewa". Akamwita mpishi ofisini, na mimi nilikuwa dirishani na kikapu cha viazi vya bibi, nikasikia vizuri. Akamwambia kuanzia kesho wewe ni mwanafunzi umenielewa, ukishagawa uji unaingia darasani mpaka saa ya kubandika maharage umenielewa, tukipata kombe unabaki darasani mwaka mzima umenielewa. Nilidhani mpishi atafurahia mpira. Habari ya mpira hakuuliza. Aliuliza kama na daftari atapewa.

Alipewa. Mtu na ndevu zake akakaa dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu, wenzake wanasoma vitabu vinene, yeye kafunguliwa kitabu cha watoto. Mchana anaporudi jikoni ananiita, "Mama, njoo uone leo tumepata nini." Anachukua mkaa anaandika herufi kwenye ubavu wa sufuria, kabla moto haujaipaka masizi. Mimi naichora kwa kidole kwenye majivu, maharage yanatokota, moshi wa kuni unatutoa machozi tunacheka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika jina langu, nusu. Hiyo nusu bado ninayo.

Na bibi akalainika. Alikwenda kumchungulia yule mpishi darasani kwa macho yake, akarudi, akaanika michembe yote. Jioni ndiyo akaniambia, kama lile zee linaenea kwenye dawati, basi na wewe utaenea. Tuone. Akimaliza mwaka yeye, mvua ijayo wewe unakwenda, kuku nitafukuza mwenyewe. Nililala na neno hilo mkononi kama karanga za kuibwa. Kwa hiyo ujue, siku wa Pwani waliposhuka kwenye treni, mimi sikuwa nangoja mpira kama watu wengine. Nilikuwa nangoja shule.

Mwalimu aliyewaleta alikuwa Mzaramo, mtu wa kitambi, kofia nyeupe safi, anaimba maneno. Na Mzaramo na Mnyamwezi, unajua mwenyewe, ni watani tangu babu zetu wanabeba mizigo kwa miguu kwenda Pwani. Mtani anaweza kukutukana msibani na huruhusiwi kununa. Lakini na kunyamaza huruhusiwi. Akikutupia neno lazima urudishe, na lako liwe kubwa kuliko lake, usiporudisha umefungwa wewe na ukoo wako. Bibi yangu alikuwa bingwa. Alipomwona tu kashuka alimwuliza kama hicho kitambi kimelipa nauli yake.

Mechi ilianza jua likiwa juu. Mpishi kavaa jezi ambayo haikumfika kitovuni, ananuka moshi mpaka wa Pwani walikuwa wanakohoa wakimkaba. Jikoni alimwachia bibi yangu na akina mama, maana wageni lazima wale baada ya mechi, na wakati wa mapumziko wenzake wanakunywa maji, yeye alikimbilia jikoni kuonja chumvi. Wakatutangulia bao moja. Tukarudisha, kona yake hiyo, ilitua kwenye kichwa cha beki kama mtu kamwekea kofia.

Mpaka karibu na mwisho, moja kwa moja. Winga wetu akaangushwa mbali, huko karibu na katikati. Wa Pwani wakapanga ukuta wanacheka, maana kutoka pale nani anafunga. Mpishi akauweka mpira chini polepole, kama anaweka chungu juu ya mafiga. Hatua mbili. Nikasikia ile du. Mpira ukapita nje ya ukuta mbali kabisa, watu wa upande ule wakainama, halafu ukakata. Mimi nywele zilinisimama, na ninavyokuambia hapa, tazama mkono huu, zimesimama tena. Ulirudi peke yake, wenyewe, kama umeitwa jina. Ukaingia pembeni ya mlingoti, ukatua kwenye muhogo wetu, na bibi yangu aliyekuwa anauonea uchungu muhogo ule tangu kiangazi kianze ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Kiwanja kile leo huwezi kukipata. Kuna nyumba za bati, kuna mtu anachomelea mageti, cheche zinaruka pale pale kipa alipokuwa anasimama. Jiko limebomolewa. Muhogo ulikwisha na bibi alikwisha, Mungu amrehemu, na michembe siku hizi wananunua sokoni kwenye vipakti. Kombe lenyewe lilikaa kwenye kabati la mkuu wiki mbili tu. Halafu ikaja barua, na nyuma ya barua wakaja mabwana wawili wa mashindano wenye faili. Wakamketisha mpishi ofisini, wakamwekea kitabu cha mwaka wa pili, soma. Nilikuwa dirishani. Alisoma. Kwa kidole, kwa ile sauti ya kutoamsha chungu, alisoma mistari mitatu, jasho linamdondokea kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nasema naye kimoyomoyo kila herufi niliyoijua. Kwenye mstari wa nne bwana mmoja akafunga kitabu taratibu, akasema inatosha mzee. Mkuu wa chuo alitazama ukuta. Kombe likapanda treni kwenda Pwani, daftari likarudishwa, dawati likapelekwa stoo. Mpishi aliondoka kabla mvua hazijaanza, wengine walisema karudi Puge kwa ng'ombe. Bibi hakutaja tena habari ya shule. Alinipa tu fimbo yangu, nikapanda kwenye mwamba.

Mjukuu wangu akaniuliza, lakini bibi, nani alisema kuwa si mwanafunzi?

Ilikuwa pale pale baada ya mechi, wageni wanakula. Yule Mzaramo kala maharage sahani ya pili, kashiba, kofia kaisogeza nyuma, akaanza. Kumwiga ninaweza mpaka leo, alikuwa anavuta hivi: "Watani zangu nyie Mungu aliwapa miguu ya kubebea meno ya ndovu mpaka kwetu, mpira hamuujui. Leo mmebahatisha jamani. Msomi wenu mmoja kapiga kafumba macho." Watu wakacheka. Wakageuka kumtazama bibi amjibu, na bibi alikuwa kapeleka sufuria kisimani kulisugua. Basi macho yote yakanijia mimi, maana ulimi wangu ulijulikana mpaka stesheni. Na mimi bado nilikuwa nauona ule mpira unavyorudi peke yake. Kifua kilijaa. Sikufikiri shule, sikufikiri kitu, nilitaka tu neno lililo kubwa kuliko lake, na nilikuwa nalo moja. Nikaweka mkono kiunoni, nikavuta maneno kama yeye, nikamwambia, "Msomi gani, mtani? Huyo hata kusoma hajui. Ndiye aliyepika hayo maharage unayokula. Mmefungwa na mpishi."